Msichana Aliyenyang'anywa Jina

Watoto wetu wa Bunia wanazipenda sana sinema za kuchorwa zitokazo Ujapani, zile ziitwazo anime. Wanazitazama katika televisheni, katika nyumba za video, na zaidi katika simu. Mmoja akiipata, humpa mwenzake, na baada ya juma moja mtaa mzima umeiona. Wazazi wengi huzipita tu. Wengine husema, "Ni michezo ya watoto." Wengine husema, "Ni mambo ya mashetani." Na maneno yanaishia hapo. Sisi twaona yafaa kutazama kwanza, ndipo kusema. Basi tumechagua sinema moja, tuipime kama vile tungepima kitabu.

Sinema hiyo kwa Kifaransa yaitwa Le Voyage de Chihiro, maana yake Safari ya Chihiro. Mtungaji wake ni Hayao Miyazaki, na waliomsaidia kuichora ni mafundi wa Studio Ghibli huko Ujapani. Ilionyeshwa mara ya kwanza mwezi wa Julai 2001. Mwaka 2002 ilipewa Dubu wa Dhahabu mjini Berlin, na mwaka 2003 ikapewa tuzo ya Oscar huko Marekani. Yadumu saa mbili na dakika chache. Lakini hatukuichagua kwa ajili ya tuzo zake. Tumeichagua kwa sababu inauliza jambo ambalo sisi wa Ituri tunaliuliza kila siku: mtoto akitupwa ghafula katika nchi ya taabu, mbali na baba na mama, ni kitu gani kitakachomfanya akue badala ya kupotea?

Habari yenyewe kwa ufupi

Chihiro ni msichana wa miaka 10. Yumo katika motokari pamoja na wazazi wake, wanahamia mji mwingine. Amelala kitini na shada la maua mkononi, amenuna, kwa sababu amewaacha rafiki zake. Baba anapotea njia. Wanafika penye handaki, wanalipita, na upande wa pili wanakuta mahali pasipo na watu. Lakini kuna vibanda vya chakula, na chakula kiko tayari, chatoa moshi. Wazazi wanakaa na kula bila kumwona mwenye mali. Baba asema hakuna neno, fedha anazo, atalipa baadaye. Chihiro anakataa kula. Anawasihi waondoke. Jua linatua, na anaporudi kwao anawakuta wamegeuka nguruwe.

Mahali hapo ni pa mapepo. Kila usiku wanakuja kuoga katika nyumba kubwa ya kuogea, na mwenye nyumba ni mchawi mzee, mwanamke, jina lake Yubaba. Asiyefanya kazi humgeuza mnyama. Kijana mmoja aitwaye Haku, mtumishi wa Yubaba, anamhurumia Chihiro na kumwonyesha la kufanya.

Wapo watakaoshtuka kusikia maneno haya ya mapepo na wachawi. Twawaambia hivi: hadithi zetu za jioni zimejaa mazimwi na wanyama wasemao, na hatujamwona mtu aliyeanza kuabudu zimwi kwa sababu bibi yake alimsimulia hadithi. Wajapani nao wana desturi ya zamani ya kuona kwamba mto, mti na mlima vina mwenyewe. Miyazaki ametumia desturi hiyo kama mfinyanzi atumiavyo udongo wa kwao. Sisi tukitazame chungu.

Je, alikuwa goigoi akawa shujaa?

Wengi walioiona sinema hii husema: mwanzoni Chihiro ni goigoi, mwoga, mlalamishi, mwishoni ni shujaa. Twaona maneno hayo si ya kweli kabisa. Tukumbuke vibandani. Wakubwa wawili walikula kitu kisicho chao, na mtoto peke yake alikataa. Basi tangu dakika za kwanza moyo wake ulijua lipi ni haki. Kilichopungua si moyo. Ilipungua mikono ya kutenda na miguu ya kwenda. Aliona ubaya, akalia, akabaki hapo. Sinema nzima ni habari ya jinsi moyo huo ulivyopata mikono na miguu, hatua kwa hatua. Na hatua hizo twaweza kuzihesabu.

Hatua ya kwanza: kuomba kazi

Haku alimwambia aende kwa mzee Kamaji, anayechochea moto wa kuchemshia maji ya nyumba nzima, amwombe kazi. Njiani kuna ngazi ndefu iliyo wima nje ya ukuta. Chihiro anaishuka kwa makalio, daraja moja moja, akitetemeka. Kamaji ni mzee wa mikono sita, na watumishi wake ni vidude vidogo vya masizi vinavyobeba makaa ya mawe. Kidude kimoja kinalemewa na mzigo. Chihiro anakihurumia, anaunyanyua ule mzigo. Lakini sasa hajui aupeleke wapi, na ni mzito! Anataka kuurudisha chini. Mzee anamkemea: ulichoanza, kimalize. Basi anajikokota mpaka mdomo wa tanuru na kuutupa motoni.

Jambo dogo, lakini ni mlango wa yote yatakayofuata. Huruma alikuwa nayo zamani. Sasa anajifunza kwamba huruma isiyofika mwisho ni kuwaongezea wengine kazi.

Halafu anapanda kwa Yubaba. Yule bibi anapiga kelele, anatisha, anamfunga mdomo kwa uchawi. Chihiro hana maneno matamu wala hila. Anarudia neno moja tu, kwamba anataka kazi. Na Yubaba aliapa zamani kwamba kila aombaye kazi atapewa, basi hana la kufanya ila kumpa.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo, kwani tunaandika Bunia. Watoto wetu wengi wameacha shule wakaenda kwenye machimbo ya dhahabu, kubeba mchanga na kuosha mawe. Je, sinema hii inasifu kazi ya watoto? Kama ingekuwa hivyo, tungewaambia wasomaji waiache. Lakini tazameni jinsi Miyazaki alivyolipanga jambo. Karatasi ile ile inayompa Chihiro kazi ndiyo inayomnyang'anya jina lake. Kazi na wizi viko katika mkataba mmoja. Mtungaji asema wazi kwamba kazi yaweza kumkuza mtoto, hasa akiifanya bega kwa bega na mtu kama Lin, yule dada mkubwa anayemfundisha kushukuru, kupiga deki na kula pamoja. Asema wazi pia kwamba tajiri anayemwandika mtoto anataka kumfanya asikumbuke kwao. Mwenye kumpeleka mtoto shimoni hawezi kujisingizia sinema hii.

Hatua ya pili: kulishika jina

Wajapani huandika jina Chihiro kwa alama mbili. Yubaba anaziondoa kutoka karatasini, anaiacha moja tu. Alama hiyo ikisomwa peke yake ni Sen, na maana yake ni elfu. Msomaji afikiri vizuri: mtoto aliingia chumbani na jina, akatoka na hesabu.

Kesho yake asubuhi Haku anampeleka kwenye zizi kuwaona wazazi wake, nguruwe kati ya nguruwe. Anamrudishia nguo zake, na ndani yake kuna karatasi ndogo aliyoandikiwa na rafiki zake wa zamani, yenye jina lake. Chihiro anasoma, anashangaa. Usiku mmoja tu umepita, na jina lake lilikuwa karibu kumtoka. Haku anamwonya kwamba asahauye jina lake hawezi tena kupata njia ya kurudi. Yeye mwenyewe amekwisha kulisahau lake. Kisha anampa matonge ya wali. Chihiro anauma tonge la kwanza, na machozi makubwa yanamtoka, anakula na kulia, anakula na kulia.

Wengine wataona kulia huku ni kurudi nyuma. Sisi twaona ndiyo mara ya kwanza analia kama mtu mzima aliaye. Alipolia mwanzo alikuwa akidai mtu amwondolee taabu. Sasa amewaona wazazi wake, amelikumbuka jina lake, anajua ukubwa wa taabu yenyewe, naye anakula ili apate nguvu ya kufanya kazi.

Kwetu jambo hili si hadithi tu. Katika vita ya 1999 mpaka 2003, na katika machafuko yaliyoanza tena mwishoni mwa 2017, familia nyingi zilikimbia usiku bila kuchukua hata karatasi moja. Wako watoto waliokulia katika kambi za waliohama, kama ile ya Kigonze hapa Bunia. Kule mtu huitwa kwa namba ya kadi, siku ya kugawa unga. Kadi ina kazi yake, hatuilaumu. Lakini mtoto yataka mtu wa kumwambia kila jioni jina la babu yake, na kijiji chake, na kwa nini aliitwa hivyo. Haku alifanya kazi hiyo kwa Chihiro kwa karatasi ndogo na matonge ya wali.

Hatua ya tatu: mgeni anukaye

Usiku mmoja wa mvua anakuja mgeni mchafu, kama mlima wa tope utembeao. Harufu yake inageuza chakula kuoza. Wafanya kazi wote wanakimbia, na mgeni anapewa Sen, kwa kuwa yeye ni mdogo na mgeni. Anamhudumia, anaanguka topeni, anamwagia maji ya dawa. Mkono wake unagusa kitu kama mwiba ubavuni mwa mgeni. Anasema, na nyumba nzima inafunga kamba na kuvuta. Kinachotoka ni usukani wa baiskeli, kisha baiskeli yenyewe, kisha takataka za kila namna. Mwisho mgeni anacheka kwa furaha na kuruka: hakuwa pepo la uchafu, alikuwa mto mkubwa uliochafuliwa na watu. Anamwachia Sen donge la dawa chungu.

Miyazaki alieleza kwamba habari hii aliipata katika maisha yake, aliposhiriki na wenzake kusafisha mto, wakaikokota baiskeli kutoka matopeni. Basi na sisi tukivuka kijito chetu cha Nyamukau kilichojaa takataka za sokoni, au tukiona mito ya Ituri iliyogeuka rangi ya udongo kwa kuchimbwa dhahabu, tutaelewa bila kufasiriwa.

Katika kukua kwake, hatua hii ina neno moja. Wakubwa waliona uchafu, wakafunga pua. Sen alikaa karibu vya kutosha hata akagusa mwiba. Tangu hapa anajua kwamba sura ya mtu siyo mtu.

Hatua ya nne: dhahabu

Sasa tumefika kwenye kiini. Kuna pepo moja lisilo na uso, ila kinyago cheupe tu. Kwa Kijapani laitwa Kaonashi, Asiye na Uso. Lilisimama nje mvuani, na Sen kwa huruma aliliachia mlango wazi. Lilipoona kwamba wafanya kazi wa nyumba hii wanapenda dhahabu, likaanza kuitoa viganjani mwake, mabonge kwa mabonge. Nyumba nzima ikarukwa na akili. Wapishi wanapika usiku kucha, watu wanaimba sifa, wanagombania. Nalo linakula, linavimba, linawameza hata waliolisifu.

Linamjia Sen na kumpa dhahabu mikono miwili imejaa. Anasema haitaki, anainama kwa heshima, anaondoka.

Kwa nini alikataa? Hapa ndipo twaona ufundi wa mtungaji. Sen hakutoa hotuba juu ya ubaya wa mali. Wala hakuichukia dhahabu. Alikuwa na haraka tu: Haku amejeruhiwa, yuko juu ghorofani amegeuka joka litokalo damu, na Sen anakwenda kwake. Dhahabu haikumshika kwa sababu mikono yake ilikuwa imekwisha kujaa jambo jingine. Mtu asiye na wa kumkimbilia, huyo dhahabu humkuta amesimama.

Sisi wa Ituri tunaijua dhahabu tangu 1903, ilipoonekana katika mto Agola upande wa Kilo. Tunajua Mongbwalu na nyimbo zake za usiku. Tunajua pia kijana anayepata kipande Jumatatu na Jumatano hana hata nauli. Katika sinema, dhahabu ya Asiye na Uso mwishowe ilionekana ni udongo mtupu. Dhahabu yetu ni ya kweli, haigeuki udongo. Lakini hesabu ya wengi waliokwenda kuichimba inaishia palepale.

Na Sen anafanya jambo kubwa kuliko kukataa. Ile dawa chungu aliyopewa na mto alikuwa akiiweka kwa ajili ya wazazi wake. Nusu anampa Haku, naye anapona. Nusu iliyobaki analipa lile pepo lililovimba, linatapika yote liliyomeza, linarudi dogo na pole kama kwanza. Mkono wake umebaki mtupu. Wala halifukuzi pepo hilo. Aliyelifungulia mlango ni yeye, na anaona kwamba nyumba hii ndiyo iliyoliharibu, basi analichukua aende nalo. Hakuna hatua ngumu kuliko hii katika sinema nzima: kumpa mgeni dawa uliyomwekea mama yako.

Hatua ya tano: gari la moshi lisilorudi

Haku alikuwa ametumwa na Yubaba kuiba muhuri wa dada yake, Zeniba. Sen anaamua kuurudisha na kuomba radhi. Kamaji anampa tiketi alizozitunza miaka 40, anamwonya kwamba gari hilo siku hizi laenda tu, halirudi. Sen anapanda.

Kwa dakika kadhaa hakuna linalotokea. Gari linapita juu ya maji mapana, abiria ni vivuli, wanashuka mmoja mmoja, jua linatua. Sen amekaa wima, mikono magotini. Watoto wengine huona kipande hiki kinachosha. Sisi twakiona ni bora kuliko vyote. Yule aliyelala kitini mwa motokari akinuna, leo amekaa katika chombo kingine cha safari, macho mbele, wala hakuna aliyemlazimisha. Mtungaji hakuongeza neno hata moja, ametuachia sisi tulinganishe viti viwili.

Tena asiyeiba anakwenda kuomba radhi kwa ajili ya aliyeiba. Katika nchi yetu, ambako kila upande unayo orodha ya makosa ya upande mwingine, mtoto huyu ametutangulia mbali. Zeniba anampokea kwa chai, na marafiki wanamsokotea kamba ya kufungia nywele. Lakini anamwambia wazi kwamba habari ya wazazi wake na ya Haku hawezi kumsaidia. Ni juu yake mwenyewe.

Hatua ya mwisho, na kosa la sinema

Wakirudi usiku angani, Sen amepanda mgongoni pa Haku, anakumbuka kwamba alipokuwa mdogo alianguka katika mto, na mto ukampeleka salama ukingoni. Mto ule uliitwa Kohaku. Siku hizi haupo, umefukiwa na nyumba zimejengwa juu yake. Haku ndiye mto huo. Hivyo aliyesaidiwa kulishika jina lake anamrudishia mwenzake lake.

Asubuhi Yubaba anampa jaribio: awachague wazazi wake kati ya nguruwe waliopangwa mbele yake. Akikosea, basi. Sen anatazama, kisha anasema hawamo. Ni kweli, hawamo. Mkataba unapasuka.

Hapa tuna lawama. Sinema haisemi alijuaje. Jaribio kubwa kuliko yote linapita kwa dakika moja, na mtazamaji anabaki anauliza. Wengine watajibu kwamba macho yaliyomtambua mto ndani ya tope, na rafiki ndani ya joka, hayawezi kushindwa kuwatambua baba na mama. Jibu hilo ni zuri, nasi twalipokea. Lakini ni sisi watazamaji tuliolitoa. Mtungaji angetusaidia kidogo.

Mwisho wenyewe hauna lawama. Wazazi wanamngojea penye handaki, hawakumbuki neno lolote. Wanampigia kelele kwamba amewachelewesha. Wanaingia gizani, na Chihiro anaushika mkono wa mama yake kwa nguvu, kama vile alivyoushika walipokuwa wakienda. Na mama anamwambia vile vile kama mwanzo, asimwegemee hivyo, anamzuia kutembea. Mama haoni mabadiliko yoyote. Kwake, huyu ni yule yule mtoto mwoga. Kamba ya nywele tu ndiyo inayong'aa.

Sinema nyingi zingempa upanga au taji, ili wote wajue kwamba amekua. Hii imemrudisha mkononi mwa mama yake, mtoto wa miaka 10, kwa sababu mtoto aliyekua mapema bado ni mtoto. Wapo watoto Bunia waliobeba wadogo zao kutoka Djugu kwa miguu, waliopika, waliouguza, waliokataa vitu ambavyo wakubwa walivipokea. Leo wamekaa darasani, na mwalimu anamwona mmoja wao ni mzito, mwingine ni mwoga, mwingine anashika mkono wa dada yake kupita kiasi. Tusiharakishe kusema tumewajua.

Wazazi, siku moja kaeni karibu na watoto wenu wakati wa kuitazama. Ikiisha, msiwaulize kama imewapendeza. Waulizeni kwa nini Sen aliikataa dhahabu, na mngoje jibu lao mpaka mwisho.